Mwite Mzee wa Nyumba

"Nimemwita jina lake! Ulitaka nimwite nani, gavana?"

Mama Mkaa alikuwa amesimama kwenye bomba la uani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ndoo, na sauti yake ilikuwa imeshavuka ukuta na kufika dukani. Aliyesimama mbele yake hakuwa na ndoo. Alikuwa Fundi, mshonaji wa nyumba ya pili, ametoka mbio na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni na pini mdomoni. Pini alizitema kwanza kiganjani ndipo akajibu, maana ugomvi wa haja hausemwi na pini mdomoni.

"Umwite Mzee, kama unavyowaita wazee wengine! Mbona baba wa mwenye duka humwiti Mizani?"

"Baba wa mwenye duka nikimwita Mizani haitiki. Baba yako anaitika. Tulihamia hapa anaitwa Boi, tukazaa anaitwa Boi, watoto wetu wamekua wakila mikate ya Boi. Leo mmepata wakwe wenye gari, ndiyo limekuwa tusi?"

"Lilikuwa tusi tangu zamani!"

"Basi ungesema tangu zamani!"

Hapo Fundi akakwama. Madirisha yalikuwa yamefunguka moja baada ya jingine, na wanawake waliokwisha kuteka maji walikumbuka ghafla kwamba kuna sufuria haijasuuzwa. Kukwama mbele ya watu kunauma kuliko kupigwa. Akaokota la karibu.

"Umemwaibisha baba yangu, umemvurugia mwanangu posa. Nisione mguu wako mlangoni kwangu!"

"Na mkaa wangu usiuone jikoni kwako!"

"Jamani," ikasema sauti ya taratibu kutoka dirishani kwa Fundi, "maji yanamwagika."

Hakuna aliyejua mzee alikuwa amesimama pale tangu lini. Mama Mkaa akafunga bomba, akaondoka na ndoo yake bila kuaga, na ua mzima ukajifanya unasuuza sufuria.

Chanzo chake kilikuwa Jumapili iliyotangulia.

Wakwe watarajiwa walisema watafika saa nane. Sasa, uani pale mtu akisema saa nane, watu humuuliza huku wakicheka, "Ya kizungu au ya kwetu?" Ya kwetu ni saa tisa na ushee, au saa kumi kama kumetokea maongezi njiani. Fundi akapiga hesabu ya kwetu. Saa nane ilipogonga, yeye na binti yake walikuwa bado kwa msusi, kichwa cha binti kimesukwa upande mmoja. Binti huyo alifundisha shule ya watoto wadogo, na ua wote ulimwita Mwalimu. Nyumbani alibaki babu peke yake. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni.

Gari likafika saa nane ya kizungu. Kijana muoaji, fundi wa umeme, siku hiyo hakuja. Ilikuwa siku ya wazee. Alishuka baba yake mdogo, karani mstaafu wa mahakama, kofia kichwani, akifuatwa na shangazi. Mama Mkaa alikuwa kibarazani kwake akiota jua. Kwa nia njema kabisa, maana alikuwa amemsubiria Mwalimu siku hii tangu akiwa mtoto wa kukojoa kitandani, akapaza sauti:

"Boi! Boi wee! Wageni hao, wapokee!"

Mzee akatoka haraka. Karani akamtazama juu mpaka chini: shati jeupe, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Akavua kofia, akampa. Akampa na mwavuli.

"Boi, shika hivi. Halafu upanguse kioo cha gari, vumbi la huku kwenu limezidi. Na mwite mzee wa nyumba, mwambie tumefika."

"Ndiyo, bwana," akasema mzee wa nyumba.

Akatundika kofia kwenye msumari. Akausimamisha mwavuli pembeni. Akachota maji, akaenda kupangusa kioo. Fundi alimwona akiwa bado mbali, anakuja na binti yake mwenye kichwa nusu: baba yake mzazi, katika shati la sherehe, ameinama juu ya gari la watu na kitambaa mkononi.

Ndani, Karani alikuwa amekikalia kiti cha mbao chenye mikono. Mzee alikinunua kiti kile alipostaafu, kwa sehemu ya kiinua mgongo iliyobaki baada ya kujenga nyumba, na hakuna aliyewahi kumwona akikikalia. Alikipaka rangi, alikifuta vumbi, na chakula akala jikoni kwenye kigoda, watu wote wakishamaliza.

"Mtuwie radhi, baba, tumechelewa," akasema Fundi.

"Si neno. Sisi weusi tunajuana," Karani akacheka. "Ila mzee hatujamwona. Tumepokelewa na boi tu."

Mzee akaingia wakati ule ule na sinia la chai, kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya mkono wa kushoto. Sinia halikutikisika.

"Huyu ndiye baba yangu," akasema Fundi.

Karani akaitazama kofia yake pale ukutani. Shangazi akautazama ukuta.

"Baba, kaa."

"Nitakaa baadaye, mama. Chai itapoa."

Akamimina, akapita kwa kila mmoja kutoka upande wa kulia, kisha akarudi nyuma akasimama ukutani, alivyosimama miaka yake yote ya kazi. Ilikuwa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angekaa tu, wangecheka yakaisha. Lakini aibu ya mtu mzima haitulii ndani yake, hutafuta wa kumwangukia.

"Mngetuambia mapema," Karani akasema kwa sauti ya mahakama. "Mtu haletwi kwenye nyumba ya watu kama gunia, hajui nani ni nani."

Akanywa mafunda mawili, akavaa kofia, akasema watatuma neno. Na shangazi, akiingia garini, hakupunguza sauti: "Kumbe tunakwenda kuoa kwa boi."

Ua mzima ulisikia. Kufikia jioni, hata wasiokuwepo walikuwa wanasimulia, tena kwa vitendo.

Fundi alipotoka kwenye ugomvi wa bombani alimkuta baba yake akitia makaa kwenye pasi, makaa ya mwisho ya Mama Mkaa. Yeye alishona, baba akapiga pasi. Ndivyo nyumba ilivyoendeshwa. Mzee alichovya vidole kwenye bakuli, akarushia maji kitambaani, akaanza na kola kutoka nchani kuelekea katikati, isije ikafanya mikunjo. Moshi mwembamba ukapanda, na ile harufu ya wanga na pamba ya moto ikajaa chumba.

Harufu hiyo ilimrudisha Fundi mbali, kila mara. Ilimrudisha kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, walikokaa watumishi. Jioni baba anatoka kazini na aproni yake, na mfukoni mna vipande vya pembeni vya keki vimefungwa kwenye karatasi. Jumamosi anaoka mikate yake mwenyewe kwenye debe lililozibwa udongo, na watoto wa vyumba vyote wamekaa kuzunguka moto, midomo imejaa mate, mtu anapiga sufuria kama ngoma, mama mmoja anacheza huku amebeba mtoto mgongoni. Anayepata mkate wa kwanza haruhusiwi kuula peke yake. Ilikuwa raha, asikudanganye mtu. Hata maskini ana enzi zake.

Na katikati ya raha ile lilikuwamo lile neno, kama jiwe kwenye mchele. Kengele inalia kule nyumba kubwa, halafu: "Boi!" na baba anainuka na unga mikononi. Fundi mdogo alidhani ni cheo. Mwaka wa kwanza shuleni walipoulizwa kazi za wazazi, wenzake wakasema mlinzi, msukuma toroli, muuza ndizi. Yeye akasimama wima, kifua mbele, kama mtoto wa daktari: "Baba yangu ni Boi!" Darasa likacheka mpaka mwalimu naye akashika tumbo. Hakulia. Alirudi nyumbani akamkuta baba yake anakanda unga, akakaa akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Baba," akasema sasa. "Kwa nini ulipangusa kile kioo?"

"Kilikuwa kichafu."

"Baba!"

Mzee akaiinua pasi, akaipuliza majivu.

"Mikono ilikwenda yenyewe, mama. Mimi nilifika baadaye, nikakuta kitambaa kishaloa."

Pasi ikarudi kwenye kola.

"Wale mabwana wa kwanza, wazungu, bibi yao alisema jina langu linamchosha ulimi. Sawa, mgeni. Wakaondoka, bendera ikabadilishwa, nyumba ile akaingia bwana wa kwetu, mweusi kama mimi, anasema lugha niisemayo. Nikajiambia, huyu jina langu halitamchosha. Siku ya kwanza nikavaa shati jipya, nikasimama jikoni ninasubiri." Akageuza shati. "Akagonga kengele."

Fundi akamsogezea bakuli la maji.

"Sasa sikiliza. Wakituma neno, wakirudi, mimi sitakuwepo. Nitashinda kwa rafiki yangu mshona viatu. Mseme babu ana safari. Mtoto aolewe."

"Babu asiye na safari ataanzaje kusafiri leo?"

Aliyesema hayo alikuwa Mwalimu, amesimama mlangoni na mkoba wa shule begani. Alivua viatu, akaingia, akauweka mkoba juu ya kile kiti cha mbao.

"Babu, nasema mbele ya mama asije akasema sikusema. Usipokikalia hiki kiti siku hiyo, mimi siolewi. Watafute bibi harusi mwingine, huko mjini wapo wengi."

"Usiseme hivyo, mjukuu wangu."

"Nimeshasema."

Mzee akautazama mkoba pale kitini. Akauinua, akautundika kwenye msumari, akakipangusa kiti kwa kiwiko cha shati. Hakukaa.

Kesho yake asubuhi mteja mmoja alikuja kuchukua gauni. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akaguna kwa raha. "Ee, Fundi! Hapa umeshona kizungu kweli. Ungeniambia limetoka ng'ambo ningekubali."

Siku zote Fundi alijibu "Asante, karibu tena." Yeye mwenyewe alilitumia neno hilo kama chumvi. Pindo likinyooka ni la kizungu. Likipinda, "usinifanyie kazi ya kienyeji." Siku hiyo mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Nimeshona mimi," akasema.

"Si ndiyo nasema, umeshona—"

"Nimeshona mimi, na kola imepigwa pasi na baba yangu."

Mteja akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akachukua gauni lake akaenda zake.

Neno likaja katikati ya wiki, likaletwa na kijana mwenyewe. Alisema kwao kumewaka moto. Amemwambia baba mdogo kwamba asiporudi kuomba radhi, yeye atakwenda peke yake, na mbele ya umma siku ya harusi hatahitaji wa kumsimamia. Karani amekubali. Jumapili, saa nane.

"Ipi?" akauliza Fundi.

"Ya saa, mama," kijana akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nyumba ikacheka.

Mzee hakucheka. Jioni alionekana akipiga brashi viatu vyake vya safari.

Uani hakuna siri. Habari kwamba Boi anakwenda kujificha kwa mshona viatu ili mjukuu wake aolewe ilimfikia Mama Mkaa akiwa anapima mkaa kwenye kopo, na kopo likabaki hewani.

Alikuwa na makosa mengi, ulimi wake ukiwa la kwanza, lakini kusahau halikuwamo. Alikumbuka mwaka ule wa njaa ya unga, mzee alipooka mikate kwa ule uliopatikana, akaigawa nyumba kwa nyumba mpaka yake ikabaki bila. Alikumbuka mwanawe wa mwisho alipougua surua, na nani alikaa kibarazani akimmenyea chungwa. Na mara zote alimshukuruje? "Ahsante, Boi."

Akaamua neno lile life uani. Akapita mlango kwa mlango kama mgombea kura. "Kuanzia leo, nikimsikia mtu!" Watu wakakubali, kisha wakauliza swali ambalo hakulitarajia: tumwite nani? Jina lake nani? Mama Mkaa akamuuliza mwenye duka. Mwenye duka akamuuliza mkewe. Msusi akasema anadhani linaanza na S. Watu wamekula mikate ya mtu miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mama yake alimpa jina gani. Kumuuliza mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo, ilikuwa aibu. Mwingine wa kumuuliza alikuwa Fundi, na kwa Fundi mguu umekatazwa.

"Basi Mzee!" akaamuru.

Shida ikawa mzee mwenyewe. Asubuhi akipita na ndoo, Mama Mkaa akaita kwa heshima zote, "Mzee! Mzee wangu! Umeamkaje?" Mzee akapita, hakugeuza hata shingo. Msusi naye akajaribu, mwenye duka akajaribu. Hakuna. Hakuwa na kiburi, maskini. Hakujua ni yeye anayeitwa. Jirani mmoja akanong'ona, "Ukimwita lile lake la zamani atageuka sasa hivi." Mama Mkaa akamtupia jicho, jirani akanyamaza. Siku hiyo aliingia ndani kwake, akakaa kitandani, akalia kilio cha mtu mnene, kisicho na sauti.

Jumapili nyumbani kwa Fundi kulipikwa tangu alfajiri, kwa mkaa ulionunuliwa mtaa wa mbali, mbichi, wenye moshi wa kuliza macho. Fundi hakulalamika, kiburi nacho kina kuni zake. Kibaya, viti havikutosha, na viti vizuri vya uani vilikuwa vya Mama Mkaa.

Saa saba na nusu mzee alitoka chumbani. Viatu vya safari vinang'aa. Shati jeupe. Mkononi ana kifurushi.

"Baba."

"Niko kwa mshona viatu tu, mama. Wakiondoka mtanifuata."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mbao, amekishikilia mikono miwili kama anayekilinda kisiibiwe. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kidevu. Mzee akamwona, akasita, akaushika mlango. Mtu anaweza kuyazoea mengi, lakini bibi harusi anayelia si kitu cha kukizoea. Akasimama pale, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na gari likasikika likiingia uani.

Ndipo ilipokuja ile sauti. Ua wote uliijua. Ilikuwa imeuza mkaa robo ya mji.

"Mzee wa nyumba!"

Mzee akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa.

"Mzee wa nyumba!" Mama Mkaa alikuwa amesimama katikati ya uani, karibu na bomba, mikono miwili mdomoni kama tarumbeta. "Wewe uliyevaa shati jeupe! Baba yake Fundi! Babu yake Mwalimu! Mwenye nyumba hii! Wageni wako wamefika, wanasubiri uwakaribishe!"

Kifurushi kilianguka au kiliwekwa chini, hakuna aliyeona sawasawa. Mzee alirudi ndani. Mwalimu akainuka kitini, na babu yake akakaa. Alikaa pembeni kabisa, kama kiti ni cha moto, mikono juu ya magoti. Fundi akamwona akiyabana magoti yale kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Karibuni," akasema mzee. Sauti ikatoka ndogo. Akakohoa, akairudia. "Karibuni ndani."

Karani aliingia kofia mkononi. Mwavuli hakuja nao. Nyuma yake shangazi, na nyuma ya shangazi kijana. Karani akatafuta pa kuiweka ile kofia, asimpe mtu, mwishowe akaikalia.

"Shikamoo, mzee," akasema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba."

"Siku ile... mzee, nimekosa. Unajua tena, sisi Waafrika na ushenzi wetu..."

Akajisikia mwenyewe, akayameza yaliyobaki. Nje kuku walisikika wakipekua. Shangazi akainama kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na tatizo. Mzee akamtazama Karani kwa muda, jinsi mtu anavyoitazama kola kabla ya kuiwekea pasi.

"Kioo chako kinaendeleaje?" akauliza. "Vumbi limekirudia?"

Shangazi akakiacha kiatu.

"Limerudi," akasema Karani polepole. "Lakini leo nimekipangusa mwenyewe." Akanyoosha mkono, akaonyesha pindo la koti lililolowa. "Na nimekipangusa vibaya."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka bila kutoa meno, mabega yakitikisika, na wengine wakafuata kama watu waliofunguliwa mlango. Kijana akainuka kunawisha watu mikono, birika akalishika upande. Mzee akanyanyuka nusu kitini, mikono imeshatangulia.

"Babu," akasema Mwalimu.

Mzee akarudi chini. "Nilitaka kumwambia tu alishike kwa wima. Atamwogesha Karani wa watu."

Sahani zikaletwa, na ya kwanza akawekewa yeye. Aliitazama kama barua iliyokosea anwani. Kisha akainua macho, akaona kilichokuwa mlangoni.

Mama Mkaa alikuwa amesimama kizingitini, viti viwili vizuri chini ya kwapa, mguu wake hauvuki ule mstari uliokatazwa. Alikuwa amevaa kanga safi. Alimtazama Fundi, akamtazama mzee, akatazama chini.

"Nimeleta viti tu," akasema. "Nilisikia havitoshi. Niviache hapa?"

Fundi alikuwa na bakuli la mchuzi mkononi. Moshi wa ule mkaa mbaya ulikuwa bado machoni mwake, au labda haukuwa moshi.

"Mama Mkaa," akasema mzee kutoka kitini, na safari hii aliegemea, mgongo wote ukaugusa ubao, "umesimama mlangoni na viti mkononi kama boi. Unamngoja nani akugongee kengele?"

Hakuna aliyejua kama acheke. Mama Mkaa akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie uani pale, hakikutoka kitu.

Fundi akaweka bakuli mezani, akasogea kwenye benchi, akapiga nafasi iliyobaki kando yake kwa kiganja.

"Ingia wewe, tule," akasema. "Chakula kinapoa, na kimepikwa kwa mkaa wa ovyo."